Mwanga Umefika, Linki Hakuna

Kwenye karatasi kazi ilikuwa ya asubuhi moja. Ofisi iko kando ya Barabara ya Nyerere, ghala liko Vingunguti ndani, na kati yake umezikwa mkongo wa faiba wa kilomita 1.4 wenye kore nne, yaani nyuzi nne za kioo zinazobeba data kwa mwanga. Mbili zinabeba kamera. Ya tatu ilikufa siku kijiko kilipochimba mtaro bila kuuliza wenyeji. Imebaki moja, na kwa hiyo moja bosi alitaka wahasibu wa ofisini waanze kuyaona magunia ya ghalani kwenye mfumo kabla ya chai ya saa nne.

Kore moja inatosha. Zipo konvata (vifaa vya kugeuza data ya kebo ya shaba kuwa mwanga na kuirudisha) za WDM, yaani mawimbi tofauti ya mwanga kwenye uzi mmoja, ambazo upande mmoja unatuma kwa nanometa 1310 na kupokea kwa 1550, upande wa pili unafanya kinyume chake, na miale miwili inapishana ndani ya uzi uleule bila hata kusalimiana. Upande wa kwanza huitwa A, wa pili B. Ziliagizwa konvata nne za umbo la kadi, za megabiti 10/100 kwa sekunde, za kichwa cha faiba cha aina ya SC, masafa kilomita 20: jozi moja ya Dar es Salaam na jozi moja ya tawi la Morogoro, ambako nako kuna ofisi, ghala, na bosi mdogo mwenye haraka kumshinda bosi mkubwa. Kadi za ofisini zingekaa kwenye chasisi ya raki, sanduku la chuma lenye nafasi 14, za maghalani kwenye kizimba cha nafasi moja chenye adapta yake.

Kabla ya kutufikia, zilipita stoo.

Mzee wa stoo ni mtu wa mpangilio. Kwake misumari ya inchi tatu haijawahi kulala pamoja na ya inchi nne. Hakuna kitu kinachotoka mlangoni pake bila kuandikwa kwenye leja, kupigwa mhuri na kubandikwa lebo ya mali ya kampuni. Feni ina lebo. Ndoo ina lebo. Walinzi wanaapa kwamba hata paka wa stoo aliwahi kubandikwa, akaikwangua kwa hasira siku nzima. Na maboksi mzee hatoi, maboksi ni mali ya stoo. Kadi tulizipokea zikiwa kwenye mifuko yake ya kuzuia umeme tuli, kila moja na lebo mpya inang'aa, msimbo wa mistari na namba ya mali. Zilipendeza kweli.

Tukaanza na chasisi. Ni ya 2U, vipimo viwili vya raki, yaani milimita 88.9 kwenda juu, na kijana wa IT alipewa kazi ya kupachika nati za mraba zile mafundi wanazoziita kejinati. Sasa, mashimo ya raki hayajaachana sawasawa. Yanakwenda milimita 15.9, 15.9, kisha 12.7, halafu yanarudia hivyo hadi juu. Mpaka wa U moja na nyingine uko katikati ya ule mwachano mfinyu wa 12.7, kwa hiyo kabla ya kuweka nati yoyote unatafuta mashimo mawili yaliyokaribiana, unapiga mstari wa kalamu katikati yake, na hapo ndipo kifaa kinapoanzia. Kijana yeye alianzia pale palipompendeza macho. Upande wa kushoto alipatia, wa kulia akapanda shimo moja juu. Chasisi ilipoinuliwa, sikio moja likakubali skrubu za M6, la pili likabaki linaning'inia, na kifaa kizima kikainama kulia.

Bosi alipita akatazama. "Si imeshika? Iacheni hivyo hivyo."

Haiachwi. Chasisi iliyopinda inakaza reli za ndani, kadi inaingia kwa mabavu, na pini za nyuma zikikutana na soketi yake kwa pembe zinapinda moja baada ya nyingine. Tukaanza kung'oa kejinati. Zina kifaa chake cha kung'olea, chuma chembamba chenye kulabu, na kifaa hicho kilikuwa stoo kikisubiri lebo. Kijana akatumia bisibisi. Kejinati ya kwanza ilitoka kiroho safi. Ya pili iliruka, ikagonga mlango wa raki, ikarudi, ikapotelea ndani ya kichujio cha feni ya seva iliyokuwa chini. Kwa hiyo tukazima seva. Kwa hiyo wahasibu wote wakatoka kwenda kunywa chai, na hawakurudi haraka. Saa nne ya bosi ilipita namna hiyo, kabla kadi haijatoka mfukoni.

Umeme. Chasisi ina pawa saplai mbili, na kila moja peke yake inaweza kubeba kadi zote 14. Uwili huo una maana pale tu zinapokula kutoka sehemu tofauti: moja kwenye UPS, ile betri ya akiba, nyingine ukutani. Ukizichomeka zote kwenye UPS, siku UPS ikifa unakuwa na pawa saplai mbili nzuri zinazoangaliana gizani. Tulipoifuata UPS tukakuta nafasi zimejaa. Moja ilikuwa ya birika la mama wa chai, wati 2000, kwenye UPS ya VA 1500. Ndiyo sababu kila asubuhi ilikuwa inapiga kelele, na kila asubuhi mtu alikuwa anabonyeza kitufe kuinyamazisha.

"Mama, kwa nini umechomeka hapa?"

"Wanangu, hii ndiyo soketi isiyokatika umeme."

Kwa maelezo hayo ya kitaalamu hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Birika likahamia jikoni. Waya wa athi, ule wa kijani na njano, ukafungwa kwenye boliti ya nyuma ya chasisi na kupelekwa kwenye bamba la athi la chumba kabla ya kuwasha chochote, kwa sababu chasisi isiyo na athi humwaga umeme wake kwa mtu wa kwanza kuigusa na kadi mkononi.

Kisha kadi. Ubavuni ina swichi nne za dipu, ndogo kama punje za mchele, na zinapangwa kadi ikiwa nje. Ya 1 inachagua kujadiliana kasi kiotomatiki au kulazimisha. Ya 2 ni 100 au 10. Ya 3 ni njia mbili kwa pamoja au kupokezana. Ya 4 ndiyo yenye vituko: inawasha ule utaratibu wa kupitisha hitilafu, LFP. Ukiwa umewashwa, kadi ikiona faiba imekufa inaua na upande wa shaba, ili swichi ya mtandao ijue njia haipo na ihamie njia mbadala, badala ya kuendelea kumwaga data shimoni. Ni kitu kizuri sana siku ya kawaida. Siku ya kufunga ni balaa, maana kosa moja linazima taa zote na hujui uanzie wapi. Wanaojua huiacha imezimwa hadi linki ipande, ndipo wanaiwasha. Mkuu wa IT alikuwa amesoma kwenye kijitabu kwamba inapendekezwa, na lililopendekezwa kwake ni sheria. Ikawashwa pande zote mbili.

Kadi ikasukumwa kwenye nafasi ya 3, ikifuata reli ya juu na ya chini, hadi ikalia tak. Skrubu ya kidole ikafungwa. Chasisi ya aina hii inakubali kadi kuingia umeme ukiwa umewashwa, hivyo hakuna kilichozimwa. Ikafuata pachikodi, kebo fupi ya faiba, ya njano ya singo modi (uzi mwembamba wa masafa marefu), kichwa cha bluu kwa bluu. Hapo usichanganye: kichwa cha kijani kimesagwa kwa pembe ya digrii 8, na ukikigonganisha na cha bluu kinapoteza mwanga na kukwaruza uso wa mwenzake. Vichwa vikasafishwa. Ghalani mwenzetu akafanya hivyohivyo.

Taa ya PWR, ya umeme, ikawaka. FX, ya faiba, kimya. TP, ya kebo ya shaba, kimya.

Simu ya ghalani ikaanza.

"Kaka, kebo ya mtandao imekufa."

"Badilisha."

"Nimebadilisha, nayo imekufa."

"Hamisha poti ya swichi."

"Nimehamisha, imekufa. Na ya pembeni yake imekufa. Kaka, swichi yote imekufa." Kimya kidogo. "Lakini nikichomeka laptopu inawaka."

Hapo ndipo LFP inapokula akili za watu. Swichi ni nzima, kebo ni nzima, poti ni nzima. Ni kadi yenyewe imeukata upande wa shaba makusudi kwa sababu haioni faiba. Lakini kabla hatujamweleza alikuwa ameshafungua boksi la kebo mpya, ameshakata mita kadhaa na kubana vichwa vya RJ45 upya, rangi zote kwa mpangilio. Kazi safi kabisa, kwa ugonjwa ambao haukuwepo.

Bosi akarudi, safari hii na simu mkononi. Alikuwa amesikia kwamba kamera ya simu huona mwanga usioonekana kwa macho. Aliyemwambia hakumdanganya: elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera uibonyeze, utaona inapepesa. Rimoti inatumia takriban nanometa 940, na konvata za gigabiti za malti modi (uzi mnene wa masafa mafupi) zinatumia 850, ambazo kamera nyingi zinaziona. Kipande cha silikoni ndani ya kamera kinakoma kuona karibu na 1100. Mwanga wa 1310 hakiuoni, na wa 1550 ndiyo kabisa. Bosi akasogeza simu kwenye ncha ya pachikodi, skrini ikabaki nyeusi.

"Mmeona? Faiba imekufa. Iteni wachimbaji."

Tulimshukuru angalau kwa kutumia simu na si jicho. Mwanga wa kadi hizi hauonekani, kwa hiyo jicho halikonyezi wala kukimbia. Ncha iliyo hai haichunguliwi, hata kama kadi ni ya nguvu ndogo.

Kumthibitishia kwamba uzi haujakatika tukachomoa pachikodi kwenye kadi na kuingiza tochi ya faiba, ile kalamu ya leza nyekundu ya nanometa 650. Inafika kilomita kadhaa, na 1.4 ni karibu. Tukampigia kijana wa ghalani aangalie mwisho wake, kwa pembeni. Aliyejibu mwanzo hakuwa yeye. Tulisikia viatu vinakimbia, kisha sauti ya mlinzi: "Moto! Moto umeingia kwenye waya!" Wekundu ulikuwa umetoka ncha ya kore, naye mlinzi, kazi yake anaijua, alishachomoa pini ya mtungi wa kuzimia moto. Bahati kijana alimshika mkono. Unga wa mtungi ule ukiingia kwenye adapta za SC, utasafisha hadi Krismasi.

Kwa hiyo uzi ni mzima. Lakini tochi inaonyesha tu kwamba njia ipo, haisemi mwanga unaofika ni kiasi gani. Hiyo ni kazi ya pawa mita. Hesabu ya kabla ya kupima ilikuwa hivi: kilomita 1.4 kwa upotevu wa desibeli 0.35 kwa kilomita, kama 0.5. Makutano mawili ya vichwa, 0.5 kila moja ukikadiria kwa uoga, desibeli 1. Viungo vinne vya kuchomelea, 0.1 kila kimoja. Jumla haifiki desibeli 2. Kadi inatoa kati ya −14 na −8 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga ambacho kikizidi kuwa hasi mwanga unazidi kuwa hafifu. Basi tutegemee kitu kati ya −16 na −10.

Ghalani mita ikasoma −12.1. Ofisini −11.8. Karatasi ya kadi inasema inatosheka hata na −30. Mwanga ulikuwa umejaa tele hadi wa kugawa sadaka, na taa ya FX iko palepale, imefumba jicho.

Kijana wa IT akapendekeza tuzungushe kadi kwayo yenyewe: pachikodi fupi kutoka mdomo wa kutoa kwenda mdomo wa kupokea, ikijiona inawaka. Kwa konvata ya kore mbili ni kipimo kizuri na cha haraka. Kwa ya kore moja hakipo. Mdomo ni mmoja, na hata ungeurudisha mwanga wake kwa kioo, kadi isingeutambua, kwa sababu inatuma 1310 na masikio yake yamezibwa yasisikie kingine ila 1550.

Sentensi hiyo ilipotoka mdomoni, wawili watatu tukaangaliana.

Lakini kwanza LFP. Kadi ikachomolewa, swichi ya 4 ikashushwa, ikarudishwa. Kadi hizi zinasoma swichi zake wakati wa kuwaka tu, ukiigeuza ikiwa ndani unajidanganya. Ghalani vilevile. Mara TP zikawaka kijani pande zote mbili.

"Imewaka!" bosi akapiga makofi. Kabla mtu hajafungua mdomo alishampigia mkurugenzi kumjulisha kwamba ghala liko hewani. TP ilikuwa inasema jambo moja tu: kebo ya mita mbili kati ya kadi na swichi ni nzima. Ghala lilikuwa hewani kwa mita mbili. Mkurugenzi akaomba atumiwe ripoti ya magunia kwa barua pepe ndani ya nusu saa. Bosi akakata simu, akatugeukia, rangi ya uso imebadilika.

Sasa tukarudi kwenye ile shaka. Pawa mita ya kawaida haina kichujio. Kile kitufe cha kuchagua 1310 au 1550 kinabadilisha hesabu ndani ya mita, hakichagui mwanga; ukiipa mwanga wa 1310 huku umeweka 1550 itakusomea vilevile, imekosea kidogo tu. Kwa hiyo −12.1 ilitwambia mwanga umefika, haikutwambia ni mwanga gani. Namna ya kujua bila mashine ya bei mbaya ni kuuminya. Wimbi la 1550 linavuja vibaya faiba ikikunjwa, la 1310 linavumilia. Unachukua pachikodi ya kawaida, si zile zilizotengenezwa kuvumilia mikunjo, unaizungusha mara chache kwenye kalamu nene ya maka huku mita inasoma. Taratibu, bila kukaza, na pachikodi hiyo baadaye uiweke kando. Ikiwa ni 1550, namba inaporomoka kwa desibeli kadhaa mbele ya macho yako.

Ghalani wakazungusha. Namba ikatikisika kidogo, ikatulia. 1310. Haya, hiyo ndiyo A ya ofisini, sawa. Tukachomeka mita ofisini kupima inayotoka ghalani, ambayo ilipaswa kuwa 1550. Tukazungusha kwenye maka. Namba ikatikisika kidogo, ikatulia.

Pande zote mbili zilikuwa zinatuma 1310. Na zote mbili zilikuwa zimekaa zinasubiri 1550 itoke kwa mwenzake.

Mtu anaweza kuuliza, hamkusoma kilichoandikwa kwenye kadi? Kadi ikatolewa, ikageuzwa. Mahali ambapo mtengenezaji huandika T1310/R1550, na herufi A karibu yake, palikuwa na lebo ya mali ya kampuni. Imebandikwa sawasawa, pembe nne, bila hata povu la hewa. Tukaibandua kwa ukucha: A. Ghalani wakabandua: A.

Simu stoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Kadi zinasemaje?"

"Mzee, zile kadi nne ulizigawaje?"

"Vizuri kabisa. Nilikuta mletaji kazichanganya ovyo, A na B humo humo kwenye boksi moja. Nikazipanga. A zote Dar, B zote Morogoro. Kila tawi aina yake, leja isichanganyike."

Hakuna aliyecheka mbele yake. Mzee ni mzee. Nikamweleza kwa lugha ya stoo: mzee, hizi ni kama viatu, Dar umetupatia vya kushoto viwili, na Morogoro umewapelekea vya kulia viwili. Akanyamaza kwa muda mrefu kidogo. Tukasikia anafungua leja.

"Sasa mbona hamkuniambia ni viatu?"

Tukaipigia Morogoro, ambako hatukuwa na habari nao tangu alfajiri. Fundi wa huko alikuwa amesafisha vichwa vyake hadi spiriti ikaisha, akaazima nyingine zahanati, ikaisha. Bosi wake mdogo hakuwa na subira ya kupima: vibarua walikuwa tayari nje na sururu, mtaro umefika magotini, wanautafuta mkongo uliokatika. Mkongo ulikuwa mzima. Kama wangechelewa kupata simu yetu, wangeukata wao.

Kubadilishana kulikuwa rahisi. A moja ipande basi kwenda Msamvu, B moja ipande basi kuja Mbezi. Ni kama kilomita 190, na ofisi za vifurushi za mabasi zinaitunza kadi ya elektroniki vizuri kama zinavyotunza tenga la nyanya: itafika, ila itafika na historia. Kwa hiyo mfuko wa kuzuia umeme tuli usitolewe, kifuniko cha mpira cha mdomo wa SC kirudishwe, na kadi ilazwe kwenye boksi gumu lenye karatasi za kutosha isichezecheze. Maboksi yenyewe yako stoo kwa mzee. Fundi wa Morogoro akatumia alichokipata dukani jirani: boksi la viatu, namba 42.

B ikaingia kizimbani ghalani jioni. FX ikawaka pande zote kabla kidole hakijatoka kwenye skrubu.

Haikuishia hapo, kwani ripoti ya kwanza ya magunia ilitambaa kama ina malaria. Kijana wa IT, kwa nia njema, alikuwa ameilazimisha kadi ya ofisini iende 100 na njia mbili kwa pamoja, huku poti ya swichi ikiwa kwenye otomatiki. Swichi inapojaribu kujadiliana na aliyekataa kujadiliana, inagundua kasi ya 100 peke yake, lakini njia mbili haiwezi kuzigundua, hivyo inarudi kwenye kupokezana. Mmoja anaongea wakati wowote, mwingine anasubiri zamu. Taa zote zinawaka, pingi ndogo, zile data fupi za kujaribu njia, zinapita, ila faili kubwa linagongana njiani. Ukifungua takwimu za poti unaona migongano ya kuchelewa upande mmoja na makosa ya CRC, yaani data iliyofika imeharibika, upande wa pili. Ama pande zote otomatiki, ama zote zilazimishwe sawa. Tukarudisha otomatiki, kadi ikachomolewa na kurudishwa, ikakaa sawa.

Kipimo cha mwisho kilikuwa pingi za baiti 1472 zenye amri ya kutokatwa, ambazo pamoja na vichwa vyake ni 1500 kamili: -f -l 1472 kwenye Windows, ziende elfu moja. Hakuna iliyopotea. Ndipo LFP ikawashwa pande zote mbili na kujaribiwa kwa kuchomoa faiba kusudi: FX zikafa, TP zikafuata, swichi zikalalamika kwenye kumbukumbu zake. Tukarudisha, zikaamka. Mkurugenzi akapata magunia yake, akajibu kwamba hesabu haikubaliani na ya ghalani, lakini hilo si la mafundi wa faiba.

Mzee wa stoo alipoelewa, alielewa moja kwa moja. Ilipoagizwa jozi ya akiba aliifunga A na B pamoja kwa kamba ya katani, mafundo mawili, lebo akaibandika kwenye kamba. Masika ilipoingia radi ikapiga jirani, ikapita kwenye kebo ya kamera ya nje hadi swichi ya ofisini, ikaichukua na ile A ya nafasi ya 3. Faiba haipitishi radi, shaba inapitisha. Tukaenda stoo kuomba A moja.

"Viatu havitolewi kimoja," mzee akasema.

"Mzee, B ya ghalani ni nzima, inafanya kazi sasa hivi."

"Rudisheni jozi, mchukue jozi."

Alikuwa na mhuri, sisi hatukuwa nao. Ikabidi mtu aende Vingunguti kuchomoa kadi isiyoumwa na kuirudisha pamoja na marehemu mwenzake. Mzee akatupa jozi mpya, A iliyoungua akaiingiza kwenye mali chakavu, na B nzima akaipangia rafu yake peke yake, akaiandika kwenye leja kwa mwandiko wake wa kulala.

Wakaguzi wa ndani walipopita mwisho wa mwaka wa fedha, idara ikaletewa hoja ya ukaguzi: imebainika kuwa stoo ina kiatu kimoja cha kulia, kizima, kilichopokelewa kutoka Idara ya TEHAMA. Menejimenti ieleze sababu za idara kununuliwa viatu, na kiatu cha kushoto kiko wapi.

Menejimenti ikajibu kwa barua yenye nembo na mhuri kwamba cha kushoto kiliungua kwa radi.